Potosi na monstera ndani ya nyumba Tanga: kwa nini majani mapya yanazidi kuwa madogo?

Mkazi wa Raskazone aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wenu juu ya mimea ya kutambaa ninayoiweka sebuleni, kwa kuwa karibu kila ninachokisoma kimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na sijui kipi kinanihusu na kipi hakinihusu.

Nina mimea mitatu. Wa kwanza ni potosi, ile ambayo baadhi ya wauza maua huiita maniplanti, yenye majani ya kijani yaliyochanganyika na madoa ya manjano. Wa pili ni filodendroni ya majani ya umbo la moyo. Na wa tatu ni monstera. Yote ilikuwa imenawiri nilipoinunua. Sasa potosi imeshuka kutoka juu ya kabati la vyombo mpaka inakaribia sakafu, lakini pingili zake zimerefuka kiasi kwamba kiganja kizima kinaenea baina ya jani na jani, majani ya mwisho hayazidi upana wa vidole viwili, na yale madoa ya manjano yamekaribia kufutika. Monstera inatoa majani mapya, ila hakuna hata moja lenye tundu wala mpasuko, na mtu asiyeijua angedhani nimepanda gimbi. Filodendroni ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwani majani yake ya chini yanageuka manjano moja baada ya jingine, na shina limeanza kulainika pale linapogusana na udongo.

Sebule ina dirisha moja kubwa linalotazama kaskazini, lenye wavu wa mbu na pazia jepesi, na nje yake kuna baraza lililoezekwa. Kabati liko ukuta wa pili, mkabala na dirisha. Kiyoyozi kiko juu ya mlango na huwashwa kuanzia jioni. Ninamwagilia kila asubuhi kikombe kimoja kwa kila chungu, kwa maji ya bomba, na yanapokatika ninatumia ya kisima cha hapa mtaani. Aidha ninayanyunyizia majani maji kwa chupa ya dawa, kama inavyoshauriwa mtandaoni.

Kinachonitatiza ni kwamba mimea hii inasemwa kuwa asili yake ni misitu ya joto na unyevu, na joto na unyevu ndivyo tulivyojaaliwa Tanga mwaka mzima. Iweje basi istawi katika nyumba za Ulaya na idhoofike kwangu? Nimeshauriwa niipeleke kwenye dirisha la kusini, lakini dirisha la kusini ninalo jikoni tu, na ni dogo.

---

Fundi wa Bustani, Chumbageni alijibu:

Wa alaykum salaam, dada. Umeeleza vizuri, na maelezo yako ya mahali lilipo kabati yananitosha kuanza. Joto unalo na unyevu unao. Kinachokosekana sebuleni kwako ni mwanga, na mimea yako miwili kati ya mitatu inakueleza hivyo waziwazi. Potosi inaporefusha pingili na kupunguza ukubwa wa majani, huwa inatafuta mahali penye mwanga zaidi, na haitumii nguvu nyingi kwenye jani ambalo halitapata kazi ya kufanya.

Potosi, ambayo jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polynesia ya Ufaransa, na monstera (Monstera deliciosa) hutoka misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Huko huanzia chini, kwenye kivuli, kisha hupanda miti kuufuata mwanga. Kwa sababu hiyo watu husema kuwa ni mimea ya kivuli, na kauli hiyo imewapoteza wengi, kwa kuwa kivuli cha chini ya mti na kivuli cha ndani ya nyumba havilingani hata kidogo. Jua la adhuhuri siku isiyo na mawingu hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), na chini ya mwembe bado hubaki maelfu kadhaa, ilhali ukuta wa ndani uliotazamana na dirisha, hasa dirisha lenye baraza mbele yake, mara nyingi haufikishi hata laksi 500. Jicho la mwanadamu halilioni pengo hilo kwa sababu mboni hupanuka yenyewe gizani, na hivyo chumba tunachokiita chenye mwanga kinaweza kuwa ni usiku kwa mmea. Zipo programu za simu za kupima mwanga, na ingawa si sahihi sana, zinatosha kukuonyesha tofauti kati ya juu ya kabati na kando ya dirisha. Asiyetaka programu aweke karatasi nyeupe mahali pa mmea saa sita mchana, kisha anyooshe mkono juu yake kwa umbali wa kama futi moja: kivuli cha mkono kikiwa na kingo zinazoonekana, pahali hapo panafaa, kikiwa ni wingu tu, mmea utavumilia, kisipoonekana kabisa, usiweke mmea hapo.

Sasa niliseme suala la dirisha la kusini, kwa kuwa ushauri huo umeandikwa kwa watu wa kaskazini ya dunia, ambako jua la adhuhuri huwa kusini siku zote. Sisi Tanga tuko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia kama wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Hata mwezi Juni, linapokuwa mbali zaidi na sisi, huwa juu zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, kwa hiyo paa la baraza lako hulikata kabla halijafika ndani. Madirisha yanayoingiza jua kwa kweli katika nyumba zetu ni ya mashariki na ya magharibi, ambako jua huja likiwa chini na kupenya chini ya paa. La mashariki ni zuri sana kwa mimea hii, kwani jua la saa mbili au saa tatu asubuhi haliunguzi. La magharibi ni kali, na jani lililozoea giza likipigwa na jua la saa tisa hupata mabaka meupe ambayo baadaye hukauka na hayaponi.

Kwa kuwa huna la mashariki, tumia hilo hilo la kaskazini, ila shusha mimea kutoka kwenye kabati uilete karibu na dirisha, isizidi mita moja kutoka kwenye kioo, na pazia uliache wazi mchana. Fua wavu wa mbu, kwa maana nyumba za karibu na bahari wavu na vioo hushika vumbi lililogandana na chumvi, na mwanga unaopotea hapo si haba. Futa majani pia kwa kitambaa chenye maji.

Kuhusu monstera, matundu na mipasuko huja kwa umri na kwa mwanga kwa pamoja. Jani lililokwisha kukunjuka likiwa zima halitapasuka tena maisha yake yote. Mabadiliko utayaona kwenye majani yatakayofuata. Kuhusu manjano ya potosi, sehemu ya manjano ya jani ina klorofili kidogo sana na haitengenezi chakula kama sehemu ya kijani, hivyo penye mwanga hafifu majani mapya yenye kijani kingi ndiyo yanayoubeba mmea. Ukiisha kuihamishia penye mwanga, likate tawi mpaka kwenye jani la mwisho lililokuwa bado na manjano mengi, ili chipukizi litoke hapo.

Mwisho, kiyoyozi. Hakidhuru kikiwa mbali, lakini upepo wake ukiupiga mmea moja kwa moja hukausha majani, na hewa kavu ndiyo inayopendwa na utitiri mwekundu. Geuza jani na utazame chini yake, hasa pembeni mwa mshipa wa kati: ukiona vidoa vidogo vinavyotembea na utando mwembamba, osha majani yote kwa maji ya sabuni hafifu, kisha rudia baada ya siku chache.

---

Bi Mkubwa wa Ngamiani alijibu:

Mwanangu, Fundi amesema kweli kuhusu mwanga na sitayarudia, lakini filodendroni yako usiihamishie dirishani ukadhani imepona. Shina linalolainika kwenye usawa wa udongo ni dalili ya mizizi kuoza, na kikombe cha kila asubuhi ndicho kilichoiozesha.

Mambo haya mawili yanahusiana kuliko watu wanavyodhani. Mmea hunywa maji kwa kadiri unavyofanya kazi, na hufanya kazi kwa kadiri ya mwanga unaoupata. Ukiuweka kizani na kuumwagilia kama ulio uani, maji hayanywewi wala hayakauki, hujaza nafasi ndogo ndogo za hewa zilizomo katika udongo, na mizizi ambayo nayo huhitaji oksijeni hukosa pumzi na kufa. Mizizi iliyokufa ndiyo inayoliwa na kuvu. Kisha majani ya mmea hulegea, kwa sababu hauna tena mizizi ya kunywea maji, na mwenye nyumba akiona majani yamelegea huongeza maji. Hapo ndipo unapomalizikia.

Utoe kwenye chungu leo. Mizizi hai ya filodendroni huwa ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ukiubana hukaza. Iliyooza huwa ya kahawia au nyeusi, ukiuvuta ganda lake huchomoka mkononi na kubakiza uzi mwembamba katikati, na harufu yake huijui mpaka uinuse. Ikiwa mizizi mingi bado ni hai, kata iliyoharibika kwa kisu kilichosafishwa na uupande upya. Ikiwa yote imekwisha, achana na sehemu ya chini kabisa na uchukue vipandikizi kutoka juu, pale shina linapokuwa gumu na la kijani.

Udongo wa kupandia usiwe udongo mtupu wa bustani, kwani kwenye chungu hushikana na kuwa mgumu. Mimea hii kwa asili hushika magome ya miti na majani yaliyooza, kwa hiyo inataka kitu chepesi chenye mianya. Mimi huchanganya sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa, sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa hadi haina harufu, na sehemu moja ya mkaa chenga, ile inayobaki chini ya gunia na wauza mkaa huigawa kwa bei ya bure. Makumbi yanahitaji uangalifu mmoja ambao hutauona katika maandishi ya Ulaya. Huku pwani makumbi mengi huwa yamefukiwa kwenye mchanga wa ufukweni au yamelowekwa bahari ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba, na makumbi ya namna hiyo yamejaa chumvi. Chukua makavu yanayotoka kwa wafua nazi, uyaloweke katika maji baridi ya bomba usiku kucha, uyamwage, na urudie mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie mchanga wa pwani hata kama umeuosha; ukihitaji mchanga, tafuta wa mto.

Na maji ya kisima chako yaonje. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, na ingawa mtu anaweza kuyaogea, kwenye chungu chumvi haina pa kwenda, hujikusanya kila unapomwagilia, na matokeo yake ni ncha za majani kukauka na kuwa kahawia huku mmea ukionekana mzima. Wakati wa masika kinga maji ya mvua uyaweke kwenye dumu lenye kifuniko, yakusaidie siku ambazo bomba limekatika.

Kumwagilia kusiwe kwa ratiba. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Ukikuta ubichi, acha. Ukikuta pamekauka, mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, kisha umwage yale yaliyokusanyika kwenye sahani. Mtu akizoea anaweza kujua kwa kuinua chungu tu, maana kikavu huwa chepesi waziwazi. Katika miezi ya mvua, hewa ikiwa imelowana na nguo hazikauki kambani, chungu nacho hakikauki. Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na hukausha upesi kuliko cha plastiki, na kwa hali yetu ya unyevu mimi nakipendelea, ilimradi kina tundu chini.

Jambo moja sikubaliani na waandishi wa mtandaoni: kunyunyizia majani maji. Ushauri huo ni wa nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi, ambazo hewa yake ni kavu. Tanga hewa imeshiba maji tayari. Unachofanya ni kuyalowesha majani yasikauke upesi, na hapo madoa ya ukungu hupata pa kuanzia. Hiyo chupa iweke kwa ajili ya maji ya sabuni, siku ukiona utitiri, au vidung'ata vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani.

---

Mkazi wa Raskazone alijibu:

Ahsante sana, Bi Mkubwa, na ahsante, Fundi. Nimeitoa filodendroni na hali ndiyo hiyo hiyo uliyoieleza, mizizi imechomoka ganda na harufu yake imejaa jikoni. Juu limebaki shina gumu lenye majani kadhaa mazuri. Naomba mnieleze linakatwaje, na je, ni lazima liwe na kile kimzizi cha kahawia kinachojitokeza pembeni mwa shina? Vilevile Fundi amegusia kuwa mimea hii hupanda miti. Potosi yangu inaning'inia. Kuna faida kuipandisha, na nikiipandisha niitegemeze kwa kitu gani ndani ya nyumba? Niongeze pia kwamba dada yangu atakuja kukaa kwangu na mtoto aliyeanza kutambaa, na mimea nimeishaishusha karibu na sakafu.

---

Mkulima wa Pilipili Manga, Muheza alijibu:

Salaam kwenu nyote. Sifugi maua ndani, lakini swali hili la kupandisha linanihusu, kwa kuwa pilipili manga tunayolima huku milimani ni mmea wa kutambaa wenye tabia zinazofanana sana na hizo, japokuwa si wa jamii moja.

Mche wa pilipili manga ukipandwa chini ya mti na kushikizwa vizuri, kila kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, hutoa vimizizi vinavyong'ang'ania gome, na shina hupanda likiwa nene lenye pingili fupi. Tawi likikosa pa kushika likaning'inia au likatambaa ardhini, huwa jembamba, pingili zake hurefuka na majani yake huwa madogo, hata kama limetoka kwenye mche ule ule. Potosi hufanya vivyo hivyo na kupita kiasi. Yeyote aliyewahi kuiona ikiwa imeachwa uani ikapanda mnazi au mwembe anajua kuwa majani yake hufikia ukubwa wa sinia na hata kupasuka pembeni, kiasi kwamba mtu huweza kukataa kwamba ni mmea ule ule wa kwenye chupa. Ukomavu wa mmea huu huja kwa kupanda. Kuning'inia si ugonjwa, na kama unapenda mwonekano wake uache uning'inie, lakini usitarajie majani makubwa kutoka kwenye tawi linaloshuka.

Kwa nguzo, Tanga hatuna sababu ya kununua zile zilizoviringishwa "moss", yaani vimea vidogo laini vinavyoota kwenye mawe na magome yenye unyevu, zinazoletwa kutoka nje. Chukua mwanzi mkavu au bomba la plastiki lenye unene wa kama kifundo cha mkono, refu kuliko mmea kwa mita moja hivi, ulisimamishe hadi chini kabisa ya chungu kabla ya kujaza udongo, kwa sababu nguzo inayochomekwa baadaye hukata mizizi na isitoshe hulegea. Kisha uizungushie kamba ya katani nene, mzunguko kwa mzunguko bila kuacha nafasi. Katani hushika vizuri na vimizizi huipenda, ila haitunzi maji kwa muda mrefu, na ikilowa kila siku huoza. Ndiyo maana wengine huweka kwanza tabaka la makumbi kisha wakaifunga kwa katani juu yake, na mimi naona hiyo ndiyo njia bora kwa monstera ambayo ni nzito. Nguzo hiyo ndiyo ya kunyunyizia maji, si majani. Inanifurahisha kuona monstera ya Meksiko ikipanda juu ya kamba ya mkonge, ambao nao asili yake ni Meksiko na uliletwa kwetu na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893, ukapandwa karibu na Pangani na kuigeuza Tanga yote.

Unapoushikiza mmea, tazama shina kwa makini. Lina mgongo na tumbo: upande mmoja majani hutoka, na upande wa pili ndiko vimizizi vilipo. Upande wa vimizizi ndio uegemee nguzo. Ufunge kwenye shina, usifunge kwenye kikonyo cha jani, kwa sababu jani linahitaji kujigeuza kuufuata mwanga. Utepe wa kanga kuukuu unafaa kuliko uzi wa nailoni, ambao hukata shina linaponenepa.

Sasa vipandikizi. Jani na kikonyo chake peke yake vinaweza kutoa mizizi kwenye maji na kukaa muda mrefu, lakini haviwezi kutoa chipukizi, kwa kuwa jicho la chipukizi liko kwenye kifundo. Kwa hiyo kila kipande kiwe na kifundo kimoja au viwili na angalau jani moja. Kata chini ya kifundo kwa umbali wa upana wa kidole. Si lazima kimzizi kiwe kimeshajitokeza, ila kilichonacho huanza upesi zaidi. Filodendroni na potosi hutoa mizizi kwenye maji matupu, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne kwa joto letu, na hapo majani yasizame, kifundo tu ndicho kiwe majini. Mizizi ikifika urefu wa kidole hamishia kwenye ule mchanganyiko wa Bi Mkubwa. Ukiiacha majini kwa miezi mingi itazoea maji na itasumbuka ikipelekwa udongoni. Usikate kipande kimoja ukategemea hicho. Kata vyote vinavyofaa, na vikiota vipande vitatu au vinne, uvipande pamoja katika chungu kimoja, maana chungu cha tawi moja huonekana kikiwa kama kimenyolewa.

Ombi langu moja kwa wakazi wa Tanga na Muheza ni kwamba mabaki ya potosi msiyatupe porini, hasa mnapopanda Usambara ya Mashariki. Kipande chenye kifundo huota popote penye unyevu, na katika nchi kadhaa za joto mmea huu umekwisha kuwa kero ndani ya misitu. Sisi wa karibu na Amani tumeuona mfano: mti wa Maesopsis eminii ulioingizwa zamani ulitoka mashambani ukaenea katika msitu wa asili, na hadi leo haujatoka. Mabaki yakaushwe juani hadi yafe, kisha yatupwe.

---

Muuguzi Mstaafu, Makorora alijibu:

Nina mawili kwa dada wa Raskazone, kwa sababu ya huyo mtoto.

La kwanza, mimea yako yote mitatu ni ya jamii moja na magimbi, na yote ina fuwele za kalisi oksaleti ambazo ni kama sindano ndogo mno. Kila mtu wa pwani aliyewahi kula gimbi lisiloiva anajua koo linavyowasha. Ni kitu kile kile. Mtoto akitafuna jani atalia, atatokwa na udenda, na midomo na ulimi vinaweza kuvimba. Kwa kawaida uchungu wenyewe humfanya auteme upesi na madhara huishia mdomoni. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji na umpe maji au maziwa baridi, na ukiona uvimbe unaongezeka, hawezi kumeza au anapumua kwa shida, mkimbize hospitali bila kungoja. Usimtapishe. Paka nao huathirika vivyo hivyo. Kwa hiyo usiweke vyungu sakafuni. Weka meza ndefu au stuli nzito karibu na dirisha, na potosi ikipandishwa kwenye nguzo kama ulivyoelekezwa haitakuwa na tawi la kuvutwa.

La pili ni hivyo vipandikizi vya majini. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi na anayeuma mchana, hupenda sana kuzalia kwenye vyombo vidogo vya maji safi ndani na kando ya nyumba, ikiwemo chupa za maua na sahani za chini ya vyungu. Tanga tulikuwa miongoni mwa walioguswa na mlipuko wa mwaka 2019. Kwa joto letu yai huweza kufika kuwa mbu kamili ndani ya siku kama 10 au pungufu, hivyo badilisha maji angalau mara mbili kwa wiki. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hugandishwa kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri kulowa tena. Sugua ukuta wa ndani kwa brashi au kwa kitambaa kikavu kila unapobadilisha.

---

Mkazi wa Raskazone alijibu:

Nawashukuru mno. Vipandikizi vitano vimeshaingia majini na stuli imepatikana. Limebaki swali dogo: je, potosi niikate sasa hivi wakati wa kaskazi, au ningoje mvua? Na mbolea ya chumvichumvi niiweke lini?

---

Bi Mkubwa wa Ngamiani alijibu:

Ikate sasa, mwanangu. Kungoja msimu ni kwa wale ambao kwao kuna majira ya baridi yanayosimamisha ukuaji. Lakini iache kwanza dirishani kwa wiki mbili au tatu bila kuikata, ili majani yaliyopo yaanze kujitengenezea akiba, maana ukiinyang'anya majani siku ile ile unayoihamisha, chipukizi litatoka likiwa dhaifu. Usiyakate matawi yote kwa mpigo. Kata marefu mawili, ungoje yachipue, ndipo uyaendee mengine.

Mbolea usiipe filodendroni kabisa mpaka iwe udongoni na imetoa jani jipya la pili. Potosi na monstera unaweza kuzipa mara moja kwa mwezi zikionekana kukua, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na udongo uwe umelowa kabla ya kuiweka. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea au ya kile kisima. Pitisha maji mengi ya mvua mpaka yatiririke chini, na mwezi huo usiweke tena.